Siku Makadara Tulipoomba Tufungwe

Vijana wa hapa barazani, nawasikia kila jioni. Mwabishana juu ya timu za Ulaya: nani anunuliwe, nani auzwe, mtoto gani ambaye hata ndevu hajaota atakuja kuwa nani. Mmoja wenu ana video kwenye simu, mwengine ana takwimu, wa tatu hana chochote ila sauti. Mimi hupita na mkate wangu nikacheka moyoni, maana mwadhani mabishano haya yameanza na nyinyi. Leo nimeamua kuwaandikia, kwa sababu nikisema kwa mdomo mtanikatiza.

Mimi nilifanya kazi hiyo ya kuchagua vijana. Kwenye karatasi za kampuni niliandikwa karani wa ustawi wa wafanyakazi, katika kampuni moja ya kuondosha mizigo bandarini, na kweli niliandika barua za mazishi na za likizo. Lakini kazi niliyopendewa, na iliyonibakisha pale wenzangu walipopunguzwa, ilikuwa kuitafutia timu ya kampuni, iliyokuwa na makao yake hapa Makadara, vijana wa hoki. Ndiyo, hoki, mpira wa magongo. Msinikunjie uso. Katika miaka ya tisini kisiwa hiki kilikuwa na watu walioijua hoki kama mnavyojua nyinyi bei ya bando. Wahindi, Wagoa, Waswahili wa Kibokoni, watu wa bara waliokuja na reli, na sisi Wamijikenda tuliokuja mjini kutafuta riziki, sote tulikutana uwanjani tukapigana magongo ya miguu kwa heshima.

Na kijana akichaguliwa hakupata jezi tu. Alipata kazi. Mama yake alijua tangu siku hiyo kwamba mwisho wa mwezi kutakuwa na mchele. Ndiyo maana mabishano ya zama zetu yalikuwa makali kuliko yenu, kwa sababu tuliowabishania walikuwa watoto wa jirani, si watu wa kwenye kioo.

Aliyenifunza ni Bwana Caetano, Mgoa wa Ganjoni, mstaafu wa reli, mtu mfupi aliyependa kuvaa tai hata kwenye jua la saa tisa. Ajabu ni kwamba yeye alikuwa mteuzi wa timu ya Ganjoni, wapinzani wetu wakubwa. Alinifunza vivyo hivyo. Alisema hakuna raha ya kushindana na mjinga, na alivyonitazama aliposema hivyo nilijua mjinga ni nani.

Somo lake la kwanza lilikuwa nisimtazame kijana akiwa na mpira. Kila mtu ni hodari akiwa na mpira. Nimtazame akinyang'anywa. Kuna anayesimama akamtazama refa, kuna anayemtazama mwenzake kana kwamba ndiye aliyekosa, na kuna anayegeuka hapo hapo akaanza kumfukuza mwizi wake. Huyo wa tatu, akasema Bwana Caetano, hata kama hajui kupiga mpira, mpige chapa. Kupiga mpira kunafunzika.

Somo la pili lilihusu mgongo. Hoki ni mchezo wa kuinama, na viwanja vyetu vilikuwa vya nyasi chache na mchanga mwingi, mpira ukidunda unavyotaka wenyewe. Asiyeinama mpira humpita chini ya gongo akabaki akipiga hewa. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na wengi walikitaka cha mvunguni wakiwa wamesimama wima kama bawabu wa hoteli.

Somo la tatu ndilo lililonipa sifa, na ndilo lililoniaibisha. Gongo la hoki hushikwa kwa mkono wa kushoto juu, na mchezaji akilishusha chini kabisa kuzuia mpira, vifundo vya mkono ule husugua ardhi vikachubuka. Kwa hiyo Bwana Caetano alikuwa akimpa kijana mkono wa kulia, wanaulizana hali, habari za nyumbani, habari za masomo, na macho yake yako kwenye mkono wa kushoto. Akiona makovu, anajua huyu huinama. Nilipoona hila ile nilidhani nimepewa ufunguo wa dunia.

Basi siku moja pale sokoni nikamwona kijana mmoja, Hamisi, mrefu, mwepesi, vifundo vyake vimechubuka vyote, kidonda juu ya kidonda. Sikungoja hata kumwona akicheza. Nilikwenda kwa bosi nikamsifu mpaka nikakaukwa mate, Hamisi akaletwa mazoezini. Mpira wa kwanza ulipokuja aliukimbia. Wa pili aliuruka. Nilipomwita kando kumuuliza makovu yale ameyapata wapi, akaniambia kwa adabu kabisa kwamba mamake ni mpika mbaazi na mahamri, na yeye ndiye mkunaji wa nazi, kila alfajiri yuko juu ya mbuzi. Wachezaji walicheka hadi wakakaa chini. Mpaka leo kuna wazee hapa mjini wakiniona huniuliza nazi ni bei gani. Hamisi mwenyewe hakurudishwa nyumbani, maana alikuja kuwa mpishi wa timu, na wali wake ulitushindia mechi nyingi kuliko washambuliaji wetu wawili niliowachagua kwa akili timamu.

Sasa niwaeleze desturi yetu, kwa sababu hamtaamini kwamba kitu kama hicho kilikuwa hapa kisiwani.

Zamani kidogo kabla yangu, sisi na Ganjoni tuligombea kijana mmoja mpaka akaahidi pande zote mbili, akala karamu za pande zote mbili, halafu akaenda kucheza kandanda. Kwa uchungu wa jambo lile wazee wa timu mbili wakakaa, Bwana Caetano akiwemo, wakapatana. Kila mwaka michezo ya shule ikimalizika, wateuzi watakutana kwenye mkahawa mmoja hapa Makadara, chai na viazi karai mezani, na watachagua vijana kwa zamu, mmoja wangu, mmoja wako. Na ili mwenye nguvu asizidi kunenepa, timu iliyomaliza msimu chini ya mwenzake ndiyo itakayotangulia kuchagua. Kijana akiwa hataki, hakulazimishwa, lakini anayekataa kazi alikuwa bado hajazaliwa.

Ilikuwa desturi nzuri. Ilikuwa na tundu moja tu, na hakuna aliyeliona mpaka alipotokea Feisal.

Feisal alikuwa kijana wa Kuze. Sitamsifu sana kwa sababu mtasema ni uongo wa wazee. Niseme tu kwamba nilikwenda kumwona akicheza kwenye michezo ya shule, nikakumbuka kumtazama akinyang'anywa, nikangoja, nikangoja, mechi ikaisha hajanyang'anywa. Mitaa yote ilimjua. Watoto wadogo walikuwa wakitembea kwa kuinama kama yeye.

Na mwaka huo mimi na Bwana Caetano tulikuwa na timu mbovu sawasawa. Mechi ya mwisho ya msimu ilikuwa sisi kwa sisi, na hesabu ilikuwa wazi hata kwa mtoto: atakayeshinda atamaliza juu, atakayefungwa atamaliza chini, na wa chini atatangulia kuchagua. Wa chini atampata Feisal.

Mjue basi jinsi mashabiki wa Makadara walivyokuwa wiki ile. Kiongozi wao alikuwa Bakari fundi saa, ambaye kibanda chake kilikuwa na saa nyingi na hakuna mbili zilizopatana. Pale ndipo bunge letu lilipokaa. Kila mmoja alikuwa na hoja. Wengine walisema kufungwa kwa makusudi ni haramu, ni kama kudanganya kwenye mizani. Wengine walisema si makusudi, ni kulegea tu, na kulegea hakuna hukumu. Mzee mmoja akauliza kama inafaa kuomba dua ya kufungwa, na akajibiwa kwamba Mungu ndiye ajuaye nia. Habari zikaja kwamba Ganjoni nako bunge limekaa na wao wameamua vivyo hivyo. Hapo Bakari akasema basi itabidi tushindane nao kwa kushindwa, na sisi hatukubali kushindwa katika hilo.

Kikwazo kilikuwa mtu mmoja, Athman, nahodha wetu.

Athman alicheza kati, mbele ya mabeki. Mchana alikuwa akiendesha winchi kwenye meli, jioni yuko uwanjani, na alifanya hivyo tangu nywele zake zikiwa nyeusi zote. Mechi ile ilikuwa ya mwisho kwake, magoti yalikuwa yamekwisha. Na kwetu anayestaafu ana haki yake: mechi ikiisha wenzake humbeba mabegani wakamzungusha uwanja mzima, akawaaga watu. Mimi nimeona wanaume wakubwa wakilia juu ya mabega yale. Wengi wetu hatujapata kubebwa siku nyingine yoyote tangu tulipoacha ziwa la mama.

Kila mchezaji alipoambiwa alegee, alisema sawa kama Athman amesema sawa. Kwa hiyo nikatumwa mimi. Bakari aliniaga kwa kuniambia, "Mwambie mla ni mla leo, mla jana kala nini. Na mwambie vilevile, akitukosesha Feisal, atafute wa kumbeba."

Nilimkuta nje ya nyumba yake Kibokoni, akilifunga gongo lake utepe mpya. Nikakaribishwa, kahawa ikaja, tukaulizana hali za nyumbani mpaka zikaisha. Nikamweleza nilivyotumwa, yote, na la kubebwa pia. Alimaliza kwanza kuufunga utepe, akaukata kwa meno.

"Katana," akasema, "Maimuna hajaukanyaga uwanja ule hatta siku moja. Miaka yote hino mimi namwata nyumbani na watoto, narudi nna magoti yamefura, yeye anikanda kwa mafuta ya ufuta, wala haulizi. Juzi nimemwambia, ndoo uone nilikokuwa. Keshakubali. Sasa wataka aje anione naukimbilia mpira nsioutaka?"

Nikamwambia timu yamtaka Feisal.

"Hatta mimi namtaka," akasema. "Mtafutieni ndia nyengine. Kwangu haipiti."

Nilirudi Makadara nikawaambia hivyo hivyo. Sikumsema vibaya, wala sikumtetea. Msinifanye mtu mwema kuliko nilivyokuwa. Nilimtaka Feisal kwa moyo wangu wote, na njiani nilikuwa nikimuomba Mungu magoti ya Athman yamsumbue kidogo Jumamosi.

Niwaambie mapema yaliyompata Feisal ili msikae mkingojea. Ganjoni walimchukua. Wakamtafutia kazi kwenye ghala moja kule Mbaraki, akatufunga misimu miwili tulivyostahili, halafu akapata viza ya Uarabuni na hakurudi ila kuja kuoa. Huyo ndiye tuliyemfanyia yote yale. Kila nikiwasikia mkisema kijana fulani ataijenga timu kwa miaka kumi, mimi huikumbuka viza ile.

Jumamosi yenyewe ilikuwa na jua kali. Sisi tulivaa kijani, Ganjoni nyeupe. Watu walijaa pande zote mbili, na kwa mara ya kwanza na ya mwisho maishani mwangu nikaona mashabiki wakishangilia kinyume. Mshambuliaji wa Ganjoni akiukaribia mlango wetu, watu wetu walisimama kumtia moyo. Naye, maskini, ameshaagizwa, akiupiga mpira nje kwa bidii. Mabeki wetu walifungua njia pana mtu apite na mkokoteni, na hakuna aliyetaka kupita. Refa, ambaye alikuwa mgeni aliyeletwa kutoka nje ya kisiwa, alisimamisha mchezo akawauliza manahodha kama kuna msiba hajaambiwa.

Katikati ya upuuzi ule Athman alikuwa akicheza hoki. Aliinama. Alinyang'anya, alinyang'anywa, akageuka akafukuza. Alipiga pasi nzuri kwa watu waliojifanya hawakuziona, akaenda kuziokota mwenyewe. Mara mbili nilimwona akishika goti, nikaanza kuomba dua yangu isikubaliwe. Bakari alikuwa kando yangu akilalamika kwamba huyu mtu ana kiburi. Bwana Caetano alikuwa upande wa pili, kwenye kiti chake cha kukunja, na tai yake.

Bi Maimuna alikuwa karibu na ua, amevaa buibui, yeye na wifi yake, wamekaa juu ya mkeka waliouleta. Nilikwenda kumwamkia. Aliniuliza mumewe anayeagwa ni yupi, kwa sababu kwake wachezaji wote walikuwa sawa, na rangi za jezi hakuzijua maana. Nikamwonyesha. Akasema, "Anakimbia peke yake," nami nikasema ndivyo anavyocheza.

Mechi ilikuwa yaelekea kuisha bila bao tulipopata kona fupi. Mpira hutolewa kwenye mstari wa goli, mmoja huuzuia, mwengine hupiga, na ili bao lihesabiwe mpigo huo wa kwanza lazima ugonge ule ubao wa chini ndani ya goli. Athman alijitwika mwenyewe kazi ya kupiga. Mimi nilikuwa nimesogea hadi nyuma ya goli. Wapo wanaosema hadi leo kwamba kipa wa Ganjoni aliupisha. Nimelipwa nusu ya umri wangu kuwatambua wanaojifanya, na nawaambia kipa yule aliruka mwili mzima, akasahau aliyoagizwa, kama asahauvyo mchezaji yeyote akiona mpira unakuja. Hakuufikia. Ubao ulilia.

Kisha upande wa Ganjoni ukalipuka. Wamefungwa, wamempata Feisal, watu wakarushiana kofia. Watu wetu wakashika vichwa. Bakari alikaa chini mchangani akasema amekwisha. Nilirudi kwenye ua bila kujua nakwenda kufanya nini, na Bi Maimuna alikuwa amesimama juu ya mkeka.

"Bwana Katana, kwani Athman amefanya makosa?"

"La, Bi Maimuna. Ametia bao."

"Bao si letu?"

"Ni letu."

"Basi mbona watu wake wamenyamaa?"

Ningemweleza nini mama yule? Kwamba mumewe ametuharibia kwa kushinda? Nikasema jua limewachosha. Aliwatazama watu wetu, akanitazama mimi, akakaa.

Filimbi ya mwisho ikalia. Wachezaji wetu wakatoka mmoja mmoja, macho chini, wakipita mbali na nahodha wao. Walikuwa vijana, walimwogopa Bakari na midomo ya barazani. Athman alibaki katikati ya uwanja, ameegemea gongo lake. Hakumwita mtu. Alitazama mara moja tu upande wa ule mkeka, akashusha uso, na mimi nilihisi haya ambayo hata sasa naandika yanipanda masikioni.

Ndipo nikamwona Bwana Caetano akiinuka kwenye kiti chake. Alitembea pole pole hadi katikati, akampa Athman mkono, wakasemezana kidogo. Kisha akageuka akawaita vijana wake kwa kidole, hivi, kama mwalimu. Wao walikuwa kwenye raha zao na walikuwa tayari kumbeba yeyote. Wakaja mbio. Wakamwinua Athman mabegani, gongo lake mkononi, wakaanza kumzungusha uwanja wakiimba. Bakari alisema huo ni utani, wanatucheka. Pengine wengine wao walikuwa wakitucheka kweli. Lakini walimbeba vizuri, na walizunguka uwanja mzima bila kukata kona yoyote.

Walipofika mbele ya ua Athman aliinua gongo. Uso wake ulikuwa umelowa na hakujaribu kuufuta. Bi Maimuna akasimama, akapiga kigelegele, kirefu, wifi yake akapokea, na wanawake wengine wasiojua lolote wakaitikia.

Kisha Bi Maimuna akaniinamia sikioni. "Hawa ndio wenziwe aliokuwa akicheza nao miaka yote?"

Nilitazama wale vijana chini yake. Wote walikuwa wamevaa nyeupe.

"Ndiyo, Bi Maimuna," nikasema. "Hawa ndio aliocheza nao miaka yote."

Akanishikisha mkoba wake ili mikono yake iwe huru, akapiga kigelegele cha pili, kikali kuliko cha kwanza.